Kura ya Kitandani

MOJA

Mama yangu mzazi alipiga kura siku nne baada ya kuzikwa.

Nalisema mapema usije ukaniona mkorofi bila sababu. Mkorofi ni mkorofi kweli, sikatai. Miaka ishirini nimeendesha mashine ya kusaga pale Itanjila, na mtu akishazoea kupiga kelele juu ya mashine miaka yote hiyo, sauti yake hairudi chini. Lakini ukorofi wangu una tarehe. Ulianza uchaguzi wa mwaka wa tisini na moja, siku walipobandika daftari la waliopiga kura kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Nikapitisha kidole kwenye majina nikakuta: Subilaga Mwaisemba, amepiga, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Saa tatu na dakika kumi mimi na ndugu zangu tulikuwa kaburini kwake tunaondoa maua yaliyonyauka.

Chembe unayo na wewe, huna haja ya kufundishwa. Ukifikisha miaka kumi na minane wanakuchana kidole gumba cha kulia, wanakuwekea kitu kidogo cha ukubwa wa punje ya ulezi, wanashona. Tangu hapo kura yako imo mwilini. Ukigusa kibao, kibao kinakujua. Tuliambiwa chembe inaishi kwa joto la damu, na moyo ukisimama nayo inakufa papo hapo. Tukasadiki, tungefanyaje? Siku ya kumwosha mama nilimkuta ana kitambaa kwenye kidole gumba. Nikamuuliza mhudumu wa chumba cha maiti, akanijibu ni utaratibu. Nikanyamaza. Nani anagombana msibani kwa sababu ya kitambaa?

Katika uchaguzi ule mgombea mmoja wa ubunge nilikuwa mimi. Nilishindwa na Lwitiko Mbasha kwa kura mia tatu na moja. Basi nikafunga mashine, nikaenda nyumba kwa nyumba na swali moja tu: hapa nani alikufa mwaka ule, na kidole chake mlikikutaje? Nilipata majina mia nne na kumi na mawili. Ilinichukua miaka sita. Nikayapeleka mahakamani, karani akageuza geuza karatasi, akaniambia, "Mama, kosa la uchaguzi likipita miaka mitano limezeeka." Limezeeka! Mtu anachana vidole vya maiti anaiba chembe, halafu kosa lake linastaafu kwa heshima.

Siku ile nikaapa, na sikuapa kwa upole. Nitaingia Bungeni, nitaandika sheria kwa mkono wangu huu, na Lwitiko Mbasha atalala na kuamka gerezani kwa sheria hiyo. Uchaguzi uliofuata yeye alihamia jimbo la mjini akapewa na uwaziri. Mimi nikashinda Itanjila. Tukawa tunakaa ukumbi mmoja, viti vyetu vinatazamana, na kila asubuhi akinisalimia "hujambo, dada," nami namjibu sijambo.

MBILI

Siku ya uamuzi muswada wangu ulikuwa na vifungu ishirini na viwili. Kifungu cha tisa kilitaka chembe ya marehemu itolewe na kuchomwa mbele ya wafiwa, kabla mwili haujafunikwa. Cha kumi kilitaka majina ya waliokufa yasomwe kwa sauti katika kila kata, wiki moja kabla ya uchaguzi. Vilikuwa vifungu vizuri, wananchi walivipenda. Lakini roho yangu ilikuwa kwenye cha kumi na nne: kosa la kutumia kura ya marehemu halizeeki, hata likiwa la miaka iliyopita, na aliyelitenda atatolewa chembe asipige wala kupigiwa kura maisha yake yote, juu ya kifungo.

Mbasha alisimama kuupinga. Suti ya kijivu, sauti laini ya mtu aliyekula akashiba.

"Mheshimiwa Spika, muswada huu ni mzuri, nimeusoma wote. Una harufu ya ubani tu, ndiyo shida yake." Upande wake wakacheka. "Mheshimiwa mtoa hoja alifiwa. Tunampa pole, mwaka wa kumi na moja huu tunampa pole. Lakini Bunge si matanga."

Nilikuwa nimeshasimama. "Taarifa, Mheshimiwa Spika!"

"Taarifa, Mheshimiwa Tusajigwe."

"Napenda kumpa taarifa mzungumzaji kwamba kwetu matanga yanakwisha marehemu akizikwa mzima. Mama yangu hajazikwa mzima. Kama Mheshimiwa Waziri anajua kilichobaki kiko wapi, anipe, nami nitakunja mkeka leo hii."

Spika akamgeukia Mbasha. "Mheshimiwa Waziri, taarifa hiyo unaipokea?"

"Siipokei, Mheshimiwa Spika," akasema, akakaa, akanywa maji.

Hapo ndipo aliposimama Mzee Ambindwile Ngonde. Huyu alikuwa mtu wangu. Hakimu mstaafu, umri wa miaka sabini na tisa, mbishi wa nukta na mkato, ana kikohozi na leso isiyotoka mkononi. Ndiye aliyenifundisha kuandika muswada. Kila Jumamosi kwa mwaka mzima nilikwenda kwake na daftari, akanichorea kwa wino mwekundu mpaka nikalia. Nilipomwona amesimama nikajua sasa Mbasha amepatikana.

"Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja," akasema, akakohoa. "Lakini nina marekebisho kwenye kifungu cha kumi na nne. Kianze siku kitakapotiwa sahihi. Kisirudi nyuma."

Nilidhani sikusikia.

"Nikiwa hakimu," akaendelea, "nilimfunga mtu kwa sheria iliyorudi nyuma. Muuza samaki. Alichokifanya hakikuwa kosa siku alipokifanya. Kilikuja kuwa kosa baadaye kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa na hasira naye. Kitabu kilisema nimpe miaka mitatu nikampa. Mpaka leo nikimwona mkewe sokoni nazunguka njia nyingine. Sheria ya nchi nzima tusiitunge kwa ajili ya mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mwizi."

Marekebisho yakapigiwa kura za sauti, yakapita. Wakapiga meza, na wa kwanza kupiga meza alikuwa Lwitiko Mbasha.

Spika alipoahirisha kikao kwa nusu saa nilimkuta Mzee koridoni, amekaa kwenye benchi. Binti yake Sekela alikuwa amemletea uji ndani ya chupa ya chai, anammiminia. Sekela ni mwalimu, msichana mpole, ananiita shangazi tangu Jumamosi zile za wino mwekundu.

"Umenigeuka, Mzee," nikasema.

"Sijakugeuka. Nimekuokolea muswada. Kwa kifungu kile jinsi ulivyokiandika tusingefika kura mia. Sasa utashinda."

"Sikutaka kushinda. Namtaka yeye!"

"Najua. Hilo ndilo lililoniinua kitini, mwanangu."

"Shangazi, tafadhali," Sekela akasema, "mwache anywe kwanza. Hajatia kitu tumboni tangu asubuhi."

Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia. Nikainama mpaka usoni kwa yule mzee nikamwambia, "Kwako ni rahisi kusema hivyo. Wako wote umewazika na vidole vyao vizima."

Mzee akaweka kikombe chini, akasimama taratibu, akaelekea mlango wa ukumbi. Hakuufikia. Alishika ukuta, halafu kifua, halafu akakaa chini sakafuni na suti yake nzuri, na Sekela akapiga ukelele. Wakambeba kumpeleka zahanati ya Bunge.

TATU

Kengele ya kura ililia saa tisa alasiri. Muuguzi alikuwa ameleta habari kwamba Mzee amepata nafuu, amelala, anaongea kidogo. Tukapiga kura kwa vibao vya mezani, kila mmoja kidole chake, na namba zikapanda ukutani: Ndiyo mia na kumi na nane, Siyo mia na kumi na saba.

"Imebaki kura moja ya kitandani," Spika akasema. "Mashahidi waende."

Kura ya kitandani ni desturi ya zamani ya Bunge letu, ya tangu enzi za karatasi. Mbunge akiugua humu humu jengoni hapotezi kura yake, anafuatwa. Wanaomfuata ni wawili, mtoa hoja na mpinzani wake mkuu, ili kila upande uwe na jicho. Wanamuuliza mara tatu anasemaje, anagusa kibao, wao wawili wanatia vidole kuthibitisha. Mtu mwingine yeyote hatakiwi chumbani. Daktari hatakiwi, muuguzi hatakiwi, maana palipo na kura ni ukumbi wa Bunge na wao ni wageni ukumbini. Hata mashine za hospitali zinachomolewa zisije zikagombana na mtandao wa kibao. Miaka yote hiyo tulijisifu kwa ukali wa kanuni ile, na hakuna aliyewahi kujiuliza tutajuaje kama mgonjwa yu hai.

Basi tukaingia mimi na Lwitiko Mbasha. Muuguzi akachomoa mashine, akatoka, mlango ukafungwa.

Mzee alikuwa amelala chali, miwani imewekwa juu ya leso pembeni. Nikamwita kama inavyotakiwa: "Mheshimiwa Ambindwile Ngonde, muswada umefika mbele yako. Unasemaje?" Kimya. Nikarudia. Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imeshapungua, nikamshika kifundo cha mkono. Mkono ulikuwa wa moto, lakini hakuna kilichokuwa kinapiga ndani yake.

"Amekwenda," Mbasha akasema nyuma yangu. "Sasa hivi tu."

Naapa kwa kaburi la mama, hatua ya kwanza niliyopiga ilikuwa kuelekea mlangoni kumwita muuguzi.

"Chembe ya mama yako ninayo," akasema.

Nikasimama.

"Asubuhi ulisema nikupe utakunja mkeka. Haya, nakupa. Ninazo zote, dada. Ziko kwenye joto, zinatunzwa, kila moja na namba yake. Ya mama yako ni thelathini na saba. Leo leo jioni italetwa mkononi kwako, ukamzike mzima. Wewe tia tu kidole chako hapa kwamba Mzee amesema Siyo."

Mia na kumi na nane kwa mia na kumi na nane. Kura zikilingana hoja imeanguka. Hiyo ndiyo kanuni. Kifungu cha kumi na nne kilikuwa hakimgusi tena, lakini cha tisa kilimgusa pabaya. Chembe za marehemu zikianza kuchomwa mbele ya wafiwa, yeye hana kura za kwenda nazo uchaguzi ujao, na bila kura zile Lwitiko Mbasha hashindi hata uenyekiti wa mtaa.

"Nani atasadiki kwamba Mzee amesema Siyo?" nikamuuliza.

"Kila mtu. Amekukatalia mbele ya Bunge zima. Mmegombana koridoni mpaka akaanguka. Watasema mzee wa watu alikasirika."

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo wengi wananitetea kwa uongo. Wanasema nilichanganyikiwa, wanasema nilikuwa na uchungu. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua nikifungua mlango ule nikasema Mzee amefariki, muswada umepita kwa kura moja. Hakuna maiti atakayepiga kura tena nchi hii, hakuna mtoto wa mtu atakayekuta mamaye daftarini. Na Lwitiko Mbasha angetoka pale akapanda gari lake la uwaziri akaenda kula.

Nilijua pia kwamba nikimwacha afanye, atakuwa amegusa kura ya mbunge ndani ya Bunge. Hilo si kosa la miaka kumi na moja iliyopita. Ni kosa la leo, bichi, lina sheria yake ya siku nyingi na kifungo chake kirefu. Lakini kura ikichafuliwa namna hiyo kanuni inazika muswada wenyewe mpaka Bunge lijalo, na kati ya Bunge hili na lile kuna uchaguzi mkuu. Muswada wa watu wote, au Lwitiko Mbasha mmoja. Nikamtazama Mzee Ambindwile, na hata pale alipolala bado nilikuwa na hasira naye.

"Fanya," nikasema.

Akavua pete yake akaiweka mfukoni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akachukua mkono wa Mzee akauweka juu ya paja lake, akaanza kukisugua kile kidole gumba kati ya viganja vyake, kwa upole, kutoka chini kwenda juu, bila haraka. "Waongo wale waliosema inakufa na moyo," akasema huku anasugua. "Ndani ya maiti ina saa sita nzima; ukiitoa mapema ukaitunza, inadumu miaka. Inataka joto, na inataka mapigo. Joto unaipa hivi. Mapigo unaipa yako." Akabana kidole chake nyuma ya kidole cha Mzee, penye mshipa, akaanza kuhesabu kwa midomo. Nami nikajikuta nahesabu naye. Ilipofika arobaini akakigusisha kibao, na taa ya Siyo ikawaka.

Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Ndipo nikaona kwa macho yangu jinsi mama yangu alivyoshikwa, nikajiuliza kama alikuwa mtu wa kwanza au wa mia, na kama aliyemshika alikuwa anapiga soga na mwenzake. Nilitamani kumrukia pale pale. Nikatia kidole changu kwenye kibao, na yeye akatia chake.

Nje Sekela alikuwa amesimama karibu na mlango, ile chupa ya uji bado mkononi. "Shangazi, baba anaendeleaje?"

"Anapumzika," nikamwambia, nikapita.

NNE

Spika alikisoma kibao, akakisoma tena, akavua miwani. "Kura ya kitandani ni Siyo. Ndiyo mia na kumi na nane, Siyo mia na kumi na nane. Hoja imeanguka."

Upande wetu watu walishika vichwa. Upande wa pili meza zilipigwa mpaka glasi zikaruka. Nami nilikuwa nimekaa, mikono juu ya magoti, nasubiri nyundo. Kura haihesabiki kuwa imechafuliwa mpaka matokeo yatangazwe na nyundo igongwe. Hilo nalo nilifundishwa na Mzee, Jumamosi moja, kwa wino mwekundu. Mbasha aliniangalia akanikonyeza kidogo, jicho moja. Nyundo ikagonga.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!"

Sauti ya mashine ya kusaga.

"Mheshimiwa Spika, kura uliyoisoma ni ya maiti. Mheshimiwa Ngonde amefariki kabla hatujamaliza kumuuliza. Waziri amemsugua kidole mpaka kikapata moto akakigusisha kibao, mimi nikiwa nimesimama namtazama. Naomba mlango wa zahanati ufungwe sasa hivi, daktari aende, na kile kidole kisifutwe, maana kina jasho lake."

"Mwongo!" Mbasha alikuwa ameruka kitini. "Mwongo mkubwa huyu! Na yeye ametia kidole! Muulizeni, yeye ndiye aliyeniambia fanya, akatia kidole chake pale pale na mimi!"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Nadhani hakujua amesema nini mpaka alipoona uso wa jirani yake.

"Nimetia," nikasema. "Tufungeni wote wawili. Yeye aanze."

Daktari alirudi baada ya robo saa. Spika akasoma matokeo ya daktari, halafu akafungua kitabu cha kanuni akasoma na ile nyingine, kwamba muswada wa Makosa ya Uchaguzi na Kura ya Haki umezikwa pamoja na kura iliyouchafua, na hautarudi mezani katika uhai wa Bunge hili. Alisoma polepole, macho yake yakawa yananirudia. Mbunge mmoja wa upande wetu, mama mtu mzima aliyenisaidia kukusanya majina kule Itanjila tangu mwaka wa kwanza, alinijia mpaka mezani. "Ungesema mlangoni, Tusa," akaniambia. "Ungesema tu pale mlangoni."

Lakini sitakudanganya. Askari wa Bunge walipomshika Lwitiko Mbasha mikono yote miwili, na ile suti ya kijivu ikapanda mabegani, nilifurahi. Huko nje nikamsikia Sekela, amekwisha kuambiwa.

TANO

Mbasha alipata miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa shahidi wa serikali, nikapata miezi minane na kuvuliwa ubunge. Polisi walikwenda shambani kwake wakakuta chumba cha chembe. Mlinzi alikuwa ameshakimbia na kuzima umeme, zote zilikuwa zimekauka, na namba alizifuta ili asije akahusishwa. Mimi nilijua za watu mia nne na kumi na wawili. Zilikuwa elfu mbili na zaidi. Waliniletea sinia gerezani waniulize kama naweza kuitambua ya mama. Nilitazama lile rundo nikawaambia waondoe.

Mwezi wa nne wa kifungo changu Sekela alikuja kunitembelea, asubuhi, siku ya wageni. Alikaa upande wa pili wa meza na mkoba wake mapajani. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Usiniite hivyo." Akaushika mkoba wake kwa mikono miwili. "Nina maswali matatu. Ulikuwepo akimsugua?"

"Nilikuwepo."

"Alimsugua kwa muda gani?"

"Mpaka arobaini. Alihesabu."

"Na wewe?"

Ningeweza kusema hapana. "Nilihesabu naye," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akatazama dirishani. "Ulisema mahakamani mkono wake ulikuwa wa moto. Mimi nilikuwa nje ya mlango na mkono wa baba bado ni wa moto, ningeingia nikamshika. Ukaniambia anapumzika. Nikakaa kwenye benchi nikawa nafurahi kwamba amepata usingizi." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikubadilika. "Miezi minane wamekupa. Minane! Nimehesabu, hata ujauzito ni mrefu kuliko hiyo."

"Sekela, yule mtu alikuwa..."

"Yule mtu simjui. Wewe nakujua. Umekula kwetu." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimechukua fomu ya jimbo la baba kwa uchaguzi ujao. Nikiingia Bungeni, muswada unarudi siku ya kwanza. Na kifungu cha kumi na nne nakirudisha kama ulivyokiandika wewe. Kirudi nyuma. Nataka kikufikie utolewe chembe, usipige kura mpaka ufe."

Nilikuwa na maneno ya Mzee yote kichwani, yule muuza samaki, mkewe, ile njia ya kuzunguka sokoni. Nikafungua mdomo nimwambie baba yake alikipinga kifungu hicho na kwa nini. Nikaona taya lake lilivyokaza. Nilimjua yule mtu aliyekaa mbele yangu. Nilikuwa yeye miaka kumi na moja, na hakuna mtu aliyeweza kuniambia kitu, hata aliyenipenda.

"Kile kifungu changu," nikamwambia, "kina tundu."

"Tundu gani?"

"Kinamshika aliyetumia kura ya marehemu. Mimi sikuitumia, aliitumia Mbasha. Wakili yeyote atanitoa kwa dakika kumi. Ongeza: na aliyeshuhudia akanyamaza."

Aliniangalia muda mrefu, anatafuta hila usoni mwangu. Kisha akafungua mkoba akatoa daftari na kalamu, akatafuta ukurasa mtupu.

"Sema tena," akasema. "Polepole."

Nikasema tena, naye akaandika.